Sabuni Katikati ya "Sitoki"

Jumatatu, 4 Julai 1988
Betri zimekwisha! Redio kaseti inaimba kama ng'ombe mgonjwa. Na wimbo wa wifi yangu Kemilembe haujarekodiwa. Tangu kaka afariki, ukoo wetu unataka atoke kibanjani kwake Izigo, aache nyumba na migomba. Kikao cha kuamua ni Jumamosi, na kaseti ndiyo itakayomsemea. Yeye ana debe, mimi gitaa la boksi lenye nyuzi mbili, na wimbo ni neno moja la kupiga kelele: Sitoki!

Nina mpango.

Jumanne, 5 Julai
Thakorbhai wa dukani kanipa betri na kaseti mpya! Mungu ambariki. Mimi, bila kuulizwa, nikaahidi kuitaja sabuni yake. Kemilembe kawaka. Eti yeye hamlilii mumewe ili watu wafue. Nikamwambia, wifi, bila mfadhili tutaimbia migomba. Akajibu migomba haimdai kutaja sabuni. Mwisho kakubali: mara moja, wimbo ukiisha.

Nitaiweka katikati. Hatagundua.

Jumatano, 6 Julai
Aibu! Tulirekodi uani, mwanangu Damian mgongoni, jogoo chini ya kapu. Safi kabisa. Nikapaza sauti: Sabuni ya Thakorbhai! Papo hapo Baba Mkubwa Byarugaba, mkuu wa ukoo, akatokea migombani. Nani aimbe mkubwa akipita? Debe kimya, sote magotini kwa shikamoo ya Kihaya: Kaboneka waitu! Akaitikia polepole, akauliza habari za mtoto, za ndizi, za jogoo. Yote yamo kwenye kaseti. Ukisikiliza, tumeipigia sabuni magoti!

Kemilembe kasema nimemuuza kwa betri. Kabeba debe lake, kaenda.

Alhamisi, 7 Julai
Nilimpelekea Thakorbhai kaseti. Alicheka hadi miwani ikaanguka. Kisha akairudisha mwanzo, akaisikiliza "Sitoki" yenyewe. Akasema futa sabuni, mwache mama wa watu aseme, betri ni zako. Nikalia juu ya gunia la chumvi.

Nikakimbia kwa Kemilembe, nikaomba radhi. Kaniita mpumbavu, kampokea mtoto, kaniandalia ndizi. Tukafuta sabuni kwa kelele za debe. Nikataka kufuta na salamu. Akakataa. Wasikie, kasema, kwamba napiga magoti na bado sitoki.

Jumamosi, 9 Julai
Kaseti imepigwa kikaoni! Baba Mkubwa hajawahi kusikia sauti yake mwenyewe. Akaamuru irudiwe. Na irudiwe. Kila akijisubiri, lazima kwanza apitie "Sitoki!" Mwisho kasema mke anayesalimu hivyo huku amekasirika ni wa ukoo huu. Abaki! Kemilembe kalia, nami, na Damian kwa kutuiga. Asante Mungu. Asante Thakorbhai.

Jumapili, 10 Julai
Nimeshukuru kanisani mpaka mchungaji akanitazama. Mlangoni Rugemalira, fundi baiskeli, kasema wimbo mzuri, na ana spika ya ziada. Nimemwahidi kuzitaja baiskeli zake ubeti wa pili. Kemilembe hajui.

Lakini sasa nimepata akili. Safari hii, kabla ya kurekodi, naiziba ile njia ya migombani.