Majalada Sitini na Mawili na Kitanda cha Keza

Jumanne, 9 Machi 1999
Keza ana miaka minne na bado analala kati yangu na Evode. Mtoto mchanga kifuani, mguu wa Keza mbavuni. Kitanda chake kiko tayari tangu Desemba, kimeegemezwa ukutani chumba cha watoto, maana humo kumejaa masanduku matatu ya santuri za marehemu baba mkwe. Gramafoni yenyewe ilifia Goma. Mama mkwe hutazama majalada tu, alasiri, moja moja. Kumwambia mama mkwe aondoe vitu vyake? Haisemwi. Mtu anazunguka.

Bon. Leo nimezunguka. Ofisi ya Evode inapakwa rangi, ameleta kompyuta, printa na skana tuzitunze hadi Jumatatu. Nitaingiza majalada yote kwenye mashine, nichape, nimpe Mama albamu. Masanduku yaende Rugerero kwa wifi Connie, mwenye vyumba vitano na makochi ambayo bado yamevaa nailoni.

Jumatano, 10 Machi
Kioo cha skana kinatosha karatasi ya kawaida. Jalada ni pana zaidi. Hilo sikulipima. Basi kila jalada mara nne, halafu gundi. Asubuhi nzima: jalada moja. Yako sitini na mawili.

Printa haina rangi. Nimepaka kwa kalamu za Keza. Mama akatazama muda mrefu, akauliza huyu mpiga gitaa alipatia ajali wapi, maana ana pua mbili. Nikasema ni gundi. Akasema basi gundi ipelekwe hospitali.

Alhamisi, 11 Machi
Umeme umekatika mara tatu. Connie kapita. Anasema Kampala kazi hii inafanywa na mtu aliyeisomea. Nikamjibu kwa upole kwamba hapa inafanywa na mtu anayenyonyesha. Masanduku atayapokea, ila Mama mwenyewe aseme ndiyo.

Jioni jalada la nne limetoka na pua moja. Mama akalipapasa. Akasema, Mama Keza, hii sasa iko muzuri, zikiwa zote hivi masanduku yaende. Nimeingia jikoni kucheka peke yangu.

Jumamosi, 13 Machi
Jana Mama kasema kanisani. Kawaambia wenzake kwamba mke wa mwanawe anaweka vitu mahali ambapo havipotei tena, hata watu wakikimbia vita. Saa nne wamama wanne mlangoni, kila mmoja na sanduku kichwani. Santuri, picha za harusi, mmoja cheti cha ubatizo. Nimekataa. Nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni, nikakataa vizuri kabisa.

Halafu akafika Mukamurenzi, mwenzao wa kanisani, na jalada moja tu ndani ya kitenge. Nyuma, kwenye kona, kijana anapuliza tarumbeta, kichwa kama punje ya njegere. Ni kaka yake. Hana picha yake nyingine. Nikamwambia aingie.

Wale wanne wakaingia nyuma yake. Masanduku sasa ni saba.

Jumapili, 14 Machi
Nimemkuza kaka wa Mukamurenzi hadi uso ukawa kama yai. Aliuchukua. Alifika barabarani, akarudi, akamshika mtoto wangu mashavu, akaenda.

Ya Mama yametoka tisa. Kesho ofisi inachukua mashine zake. Usiku Keza alilala kichwa upande wa miguu yetu. Evode anasema turudishe masanduku ya watu, tukae na Mama, tumwambie ukweli. Evode ni mtu mwema, lakini hapangi mambo.

Mi nimepanga. Onésphore, anayeuza vifaa vya ofisi Goma, ana skana kubwa kama meza ya kulia, na kompyuta na printa zake. Jalada linaingia zima! Atatuazima mwezi mmoja, inakuja Jumanne. Itakaa chumba cha watoto. Nimepima mara mbili safari hii: inaenea bila shida, kitanda kikitoka.

Connie amekubali kukitunza.