Binti Yako Ameiponya Baiskeli Yangu

Kitanga, Kasulu
Machi 1995

Kwa Mzee Ndayiragije,
Rungwe Mpya.

Databukwe wangu, ninayekuheshimu hata nikiwa na hasira,

YAH: BINTI YAKO IMMAKULATA KUIPONYA BAISKELI YANGU BILA RIDHAA YANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi huku ni wazima, migomba imebeba, na mvua hazijatuonea. Najua si desturi yetu mkwe kumwandikia baba wa mkewe maneno makali, ndiyo maana nimetumia wino wa buluu wala si mwekundu.

Utakumbuka siku ya harusi yetu ulisimama, ukakohoa, watu wakanyamaza, ukatupa neno moja tu: haba na haba hujaza kibaba. Kisha ukaketi, ukarudia mrija wako wa pombe. Mimi neno lile nililishika. Nilichukua kopo la mafuta tulilonunua kwa wakimbizi, nikalitoboa juu, nikaanza kutumbukiza kidogo kidogo ili ninunue baiskeli mpya, ile nyeusi inayoning'inia kwenye dari la duka la Abdulrahmani pale Kasulu mjini, imevishwa makaratasi kama bibi harusi. Binti yako naye alilishika neno lako, ila kwa mkono mwingine. Mimi najaza kopo, yeye anajaza baiskeli kuukuu. Yaliyotokea ni haya:

1. Habari ya breki. Baiskeli yangu unaijua. Ndiyo iliyonileta kwako kuposa, ukaniuliza mbona nimeingia uani kwa kupitia zizi la mbuzi, nikakujibu kuwa ni unyenyekevu. Haikuwa unyenyekevu, Databukwe, ni kwamba haikusimama. Breki yangu ilikuwa katambuga ya mguu wa kulia, niliyoisugua barabarani mpaka tairi la ndala likatoa moshi. Lakini nilikuwa na heshima yangu! Nikianza kuteremka mlima wa Kitanga watu walipisha tangu mbali, akina mama wakafanya ishara ya msalaba, na nikifika chini mzima nilipongezwa kama mtu aliyetoka vitani. Sasa Immakulata ameuza maharage yake, amekwenda kwa fundi Pasikali hapa gulioni, amefungisha breki mpya mbele na nyuma. Nateremka polepole kama padri. Hakuna anayenipisha, hakuna anayeniombea. Nilipomuuliza sababu alinijibu mbele ya wageni: "Nimechoka kuwa na mume ambaye kila Jumamosi namuaga kama maiti." Je, hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliye hai?

2. Habari ya mnyororo, friwili na gololi, ambavyo alivibadilisha nikiwa shambani. Zamani baiskeli ile ilikuwa salama kuliko fedha benki. Nilikuwa naiegemeza ukuta wa kanisa, naingia kuimba, natoka naikuta. Hata mwizi wa gulio la Munanila aliyewahi kuichukua aliirudisha mwenyewe, akaiegemeza pale pale, tena akaifunga kamba isianguke. Sasa inateleza kama samli, na kila mtu amekumbuka kuwa sisi ni ndugu. Katekista anaiazima kwenda vigangoni. Mwenyekiti wa kitongoji anaiazima kwenda kwa katekista kuuliza ataimaliza lini. Mimi mwenyewe juzi nilikwenda kwa miguu kwenye mazoezi ya kwaya, na njiani nikapitwa na baiskeli yangu mara mbili, imepandwa na watu tofauti, wote wakanisalimu.

3. Habari ya keria. Hapa naomba ukae chini, ikiwa umesimama.

Jirani yetu Niyomwungere ana mke, Jeanne, aliyekuwa mjamzito. Siku ya gulio, asubuhi, mvua imetoka kunyesha, uchungu ukamshika kabla ya wakati wake, tena kwa nguvu. Niyomwungere akaja mbio kwangu, analia. Sisi wanaume tukakusanyika kupanga habari ya machela: nani akate miti, blanketi la nani, wabebaji wa kupokezana watoke wapi wakati watu wote wapo gulioni. Mwenyekiti wa kikao nilikuwa mimi. Tulikuwa tumefika kwenye blanketi, na kila mmoja anaeleza kwa nini la kwake halifai, ndipo Immakulata akapita katikati yetu anakokota baiskeli. Siku chache kabla alikuwa amemchomelesha fundi keria ya chuma, pana, imara, ambayo mimi niliikataa kwa maandishi.

"Ninyi malizeni kikao," alisema. "Mtatukuta zahanati."

Akaweka mto kwenye keria. Mto wangu, Databukwe, ninaolalia. Akampandisha Jeanne, akajifunga naye kwa kitenge kama mtu anayebeba mtoto mgongoni, akakunja sketi yake, akaondoka. Mwanamke! Juu ya baiskeli! Kitanga hii! Wazee walisimama kwenye viti. Mmoja akashika kichwa akasema, "Bambe! Dunia imekwisha," halafu akakimbilia njiani ili aione vizuri inavyokwisha.

Mimi nilifuata mbio nyuma yao nikipiga kelele, "Polepole! Hiyo ni baiskeli yangu!" Jeanne akageuka pale kwenye keria, jasho linamtiririka, akanijibu, "Ego, ndiyo, tumesikia, lakini huyu wa tumboni hasubiri!"

Mlima wetu baada ya mvua unaujua. Udongo mwekundu, laini kama sabuni. Walipofika kwenye kona ya mtaro niliona gurudumu la nyuma linateleza, baiskeli inakwenda ubavuubavu kuelekea bondeni, na mimi niko juu, mikono mitupu, sina la kufanya. Immakulata akabana breki zote mbili. Ikasimama, gurudumu la mbele likiwa ukingoni. Akaweka mguu chini. Akapumua. Akamwambia Jeanne kitu ambacho sikukisikia, na wale wanawake wawili, mmoja yuko katika uchungu, wakacheka! Wakacheka mpaka baiskeli ikatikisika. Kisha wakaendelea. Mimi nilikaa kwenye tope. Nilikuwa nikiitazama katambuga yangu ya kulia, na sitaandika hapa nilichokuwa nakiwaza.

Hata hivyo hilo silo lalamiko langu. Lalamiko langu ni kwamba mtoto amezaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kwaya, na amebatizwa Immakulata. Kijijini wanamwita Keria. Baiskeli nayo inaitwa "ile ya Immakulata". Nilisimama kanisani wakati wa matangazo ili kuwakumbusha waumini kwamba mwenye baiskeli yupo, tena yu hai, nikaambiwa nikae. Kuhusu mto hakuna aliyesema lolote.

4. (a) Abdulrahmani. Huyu ni mtu muungwana, asili yao Ujiji, na kwa muda mrefu alinipokea vizuri kila Jumamosi nilipokwenda kuisalimu baiskeli yangu ya darini. Alikuwa akiniambia, "Karibu Stanislaus, mchumba wako hajambo, jana alikuulizia." Ananiachia niiguse pedali, izunguke kidogo, nisikie mlio wake. Jumamosi iliyopita nilifika kwa ile kuukuu. Abdulrahmani akatoka nje ya duka lake. Akaizunguka. Akabonyeza breki. Akanyanyua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akaweka sikio kama mtu anayesikiliza redio.

"Stanislaus," akasema, "hii unaiuza?"

Muuza baiskeli mpya! Nyuma yake bibi harusi ananing'inia na makaratasi yake, anasikia kila neno! Niliona aibu hata nikashindwa kuingia ndani kumsalimu.

Hakuna (b). Nilikuwa nayo, lakini hasira imeifuta.

5. Na hili ndilo zito kuliko yote. Kopo langu limekaribia kujaa, na sina tena sababu. Mtu hawezi kwenda kununua baiskeli mpya huku amefika dukani kwa baiskeli nzima. Ni sawa na kwenda hospitali unacheza ngoma. Nilimweleza binti yako kwamba kama fedha zake za maharage zingeingia kwenye kopo badala ya kwa Pasikali, tungekuwa na mpya tangu Krismasi. Akanijibu kwamba kama fedha za kopo zingeingia kwa Pasikali, hii ingekuwa na taa. Nikamwambia mwenye subira hula mbivu. Akaniambia, "Oya, hapana, Stanislaus. Hiyo mbivu yako utaila mwaka gani? Mimi safari yangu ni leo." Tukabishana mpaka uji ukaungua. Na kila tukibishana, Databukwe, wote wawili tunakutaja wewe. Mimi nasema, baba yako alisema haba na haba. Yeye anasema, baba yangu alisema haba na haba. Neno moja limeoa pande mbili.

Kwa sababu hizo naomba kwa unyenyekevu:

Breki ya nyuma irudishwe kwa Pasikali. Ya mbele ibaki, mimi si mkatili. Mnyororo ulegezwe kiasi cha kukatisha tamaa waazimaji. Immakulata akatazwe kuitazama baiskeli kwa lile jicho lake la kuwaza. Na mwisho, methali yako uifute hadharani, pale pale ulipoisemea, mbele ya watu wale wale. Pombe ya ndizi nitagharimia mimi.

Nisiposikilizwa nitalipeleka suala hili kwa paroko, kisha wilayani Kasulu, na ikibidi nitakwenda mpaka Kibondo, ambako hawanijui na kwa hiyo nitapata haki.

Nisalimie mama mkwe wangu, Mabukwe, na goti lake, mashemeji wote, yule aliyesafiri pia akirudi, majirani wa upande wa kisima, na mbuzi wa zizi lile, hasa yule wa madoa, mwambie sikukusudia.

Mkweo mtiifu katika mambo yote isipokuwa haya,

Stanislaus Nkunzimana
Katibu wa Kwaya

Nakala: Katekista (akishuka baiskelini).
Fundi Pasikali (asomewe kwa sauti ya ukali).

Nyongeza, baada ya saini:

Databukwe, barua hii imechelewa kwa kukosa mtu wa kuja huko kwenu, na katikati hapa mambo yamegeuka. Jumatatu Immakulata aliweka fedha za maharage yaliyobaki juu ya kopo langu, akasema, "Chukua ukamlete huyo bibi harusi, nipumzike kusikia habari zake." Sikuamini. Nilikwenda Kasulu nikiimba. Abdulrahmani akaishusha, akanipa mkono, nikatoka nayo dukani, watu wote wa barabara ile wakaniangalia.

Nikapanda. Kiti kigumu, hakinijui. Usukani mpana, nikawa kama nimekumbatia mlango. Kisha manyunyu yakaanza, nikaona tope linayasogelea yale makaratasi, nikashuka nikaikokota. Tope likazidi, nikajitwika. Databukwe, nimeupanda mlima mzima wa Kitanga nimebeba baiskeli mpya kichwani kama mzigo wa ndizi. Karibu na kona ya mtaro nikamwona Immakulata anashuka kunipokea, juu ya ile kuukuu, anateleza taratibu bila wasiwasi wowote. Akasimama mbele yangu. Akanitazama tangu miguuni mpaka kwenye magurudumu.

"Sasa hapo," akauliza, "nani anampanda nani?"

Tulicheka, Databukwe. Nilijitahidi nisicheke, kwa sababu ya barua hii, nikashindwa. Tulikaa ukingoni mwa njia tukacheka mpaka waliokuwa wanapita wakacheka nao bila kujua ni nini.

Kwa hiyo naomba uyafute yote hapo juu, ila salamu zibaki. Methali iache kama ilivyo. Ile mpya sasa iko kwa fundi Pasikali: anaibadilishia kiti, anainamisha usukani, na kuichomelea keria pana, ili ifanane na ile kuukuu kadiri inavyowezekana. Anasema kazi hiyo haitakwisha upesi.

Nimebaki na ombi moja tu. Nataka kuja kwenu Jumapili niwasalimu, na sina usafiri. Tafadhali mwandikie binti yako aniazime ile ya kwake. Mimi nimeshamwomba, lakini kila nikifungua mdomo anapiga kengele.