Shafti ya Mzee Lesiamon

Jumatatu, 3 Machi
Mashine mpya ya kukereza vyuma imefika karakana! Inaendeshwa na kompyuta. Mama Nyaguthii, mwenye karakana, anataka fundi mmoja wa kuisimamia. Tuko wawili tu, mimi na Njuguna. Mimi niko na miaka kumi na tisa hapa Kitengela nikikereza kwa mkono. Njuguna ana miaka sita na miwani.

Jumanne, 4 Machi
Mzee Lesiamon amekuja kutoka upande wa Kajiado. Shafti ya pampu ya kisima chake, ule mtaimbo wa chuma unaoizungusha, imekatika. Ng'ombe mia na kumi hawana maji. Chuma cha saizi hiyo tuko na vipande viwili pekee. Mama amesema tuchukue kimoja kimoja; atakayepatia shafti kwa mashine mpya ndiye wa kuisimamia. Njuguna akaanza kupima shafti ya zamani na kuandika namba. Polepole! Mimi nikaanza kufikiria.

Jumatano, 5 Machi
Njuguna alienda chai. Daftari akaliacha wazi. Nikapiga picha namba zote! Aliporudi alinikuta napangusa mashine. Akanishukuru kwa usafi. Maskini.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa.
Nilifika wa kwanza. Unene wa shafti kwa daftari ulikuwa milimita arobaini. Lakini kisu kinakata kutoka upande mmoja, nikawaza, basi kompyuta inataka kipimo cha kutoka katikati. Nikagawa kwa mbili. Akili yangu mwenyewe hiyo! Mashine ikaimba vizuri sana. Kumbe kompyuta inagawa yenyewe. Shafti ikatoka laini, inang'aa, na nusu ya unene. Ndani ya beringi, ile pete ya chuma inayoishikilia, ilicheza kama mguu wa mtoto kwenye gambuti ya babake.
Mzee Lesiamon akaingia saa tatu. Akaishika, akaigeuza.
"Fundi, hii ni ya kuchomea mbuzi?"
Hakuwa na hasira. Akasema tu ng'ombe hawajanywa tangu juzi, na ndama mmoja asubuhi amekataa kusimama. Heri angenitukana.
Njuguna alichukua kipande kilichobaki. Akapima, akakata, akapima tena. Hakula mchana. Saa nane shafti yake iliingia beringi kwa kusukumwa na kidole gumba. Mzee akapanda pikipiki, akaenda na shafti mapajani kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee amepiga simu. Maji yanatoka, ndama amesimama. Njuguna amepewa mashine. Mimi nimepewa ufagio wa kuzoa vichuma.
Halafu Njuguna akanijia. "Ondiek, ndugu yangu, kesho nikuonyeshe hizo namba. Nusu saa tu."
Bure! Nani hutoa siri bure? Kuna jambo anaficha. Nimemwambia kesho niko na harusi Ngong. Sina harusi. Lakini mabati ya nyuma ya karakana yana tundu zuri, na akiwasha mashine nitaona kila kitu.