Uzinduzi wa Karavani ya Chanjo, Miasenyi, 1996

Mheshimiwa Chifu Mwandawiro, Mheshimiwa Naibu wa Chifu, waheshimiwa wanakamati wenzangu wa Kamati Maalumu ya Nishati Tembezi, wawakilishi wa makanisa na msikiti, Sista Wakio muuguzi wetu, wenye maduka, madereva mliosimamisha malori mkidhani kuna ajali (kicheko), mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, lakini jua!)

Mimi, Nzomo, Mwenyekiti wa Kamati hii, nina furaha isiyo na kifani kusimama mbele yenu kuzindua Karavani ya Chanjo, yaani kliniki yenye magurudumu, friji na umeme wa jua, ambayo itapiga kambi Miasenyi wiki moja, Bura wiki moja na Taveta wiki moja, ili kina mama wasihangaike tena mpaka Voi na watoto mgongoni, na dawa ya chanjo isiharibike kwa joto njiani. (Vigelegele.)

Wananchi, hatukukisia. Kamati yangu ilikaa hotelini siku tisa, ikafanya feasibility study, ikanywa chai, ikapiga hesabu. Friji inakula wati sitini. Paneli ni mbili, kila moja wati hamsini, jumla mia. Mia kutoa sitini, tuna ziada ya wati arobaini, yaani asilimia sitini na sita nukta sita juu ya mahitaji, ambayo Kamati imeazimia kuielekeza kwenye kipaza sauti hiki. (Makofi machache.)

Sista Wakio, ambaye hakualikwa kikaoni lakini alikuja, aliniuliza: "Mwenyekiti, na usiku friji itakula nini? Si mzidishe hizo wati kwa masaa ishirini na manne, halafu mtafute betri ya kuibeba mpaka jua litoke?" Nikamweleza, kwa upole wa kiongozi, kwamba ofisi zote za serikali hufungwa saa kumi na moja jioni, na friji ya serikali haiwezi kujifanya inajua kazi kutushinda sisi. (Sauti ya mama: "Dawa itachemka!") Na betri ipo. Tumeing'oa kwenye pikapu yangu, na ingawa pikapu yenyewe husukumwa kila asubuhi ndipo iwake, betri ile ina experience ya miaka sita.

Mali ya umma tunaitunza. Mnaona paneli kule juu zimefunikwa turubai tangu alfajiri? Mimi mwenyewe niliamuru, ili jua lisizipaushe kabla sijazifunua rasmi. (Sista Wakio anasimama.) Keti, Sista. Najua dawa zako uliziweka ndani ya friji asubuhi. Vumilia, nimebakiza kurasa kumi na moja tu.

(Kipaza sauti kinakoroma, kinanyamaza.)

Mnanisikia? Huo si upungufu, ni kipindi cha mpito! Sista, mbona unatoka na kisanduku? Na wewe Mwanabibi, mwenye duka mzima, barafu ile ya sharubati ya waheshimiwa unampa kwa idhini ya nani?

("Kwa idhini ya hawa watoto, Mwenyekiti!")

Kina mama, rudini vitini! Chanjo haitolewi barazani mwa duka kabla ya uzinduzi! (Kina mama wanahamia kwa Mwanabibi. Mtoto wa kwanza analia.) Sindano hiyo haikuwa kwenye programu, na naomba iandikwe kwamba nimehuzunika sana.

Basi, nifupishe. Sola oyee! (Oyee ya mtu mmoja.) Nishati Tembezi, juu! Juu zaidi! Nawashukuru nyinyi madereva mliobaki. Na shukrani za pekee zimwendee mgeni wetu, mtalii kutoka Ujerumani, aliyepata pancha hapa jana akakubali kutuazima karavani yake, pamoja na friji na paneli, mpaka saa sita mchana, maana ya kwetu ingali kwenye hesabu. Naona ananionyesha saa. Tafadhali ondokeni barabarani, mradi unataka kupita.