Muulize Aliyeondoka

Jamani, nilifika kijiweni mbio mpaka kandambili moja ikabaki barabarani, nikairudia. Kijiwe chetu ni benchi la Mama Uji, hapa Chanji. Kwa baridi hii ya Sumbawanga, uji wake wa ulezi ukishuka tumboni unahisi umesamehewa dhambi zote.

Nikakuta redio inatangaza habari: vijana wamesafiri mbali kwenda kuripoti kazini, wakafika wakakuta kampuni yenyewe ni kibao cha bati kimepigiliwa kwenye mti, na mlinzi mmoja chini yake. Mlinzi naye anasubiri kuajiriwa.

"Madhara ya shule hayo," akasema Kija. Huyu ni Msukuma, dereva bodaboda, tunamwita Dume kwa sababu hakuna kitu duniani asichokipima kwa ng'ombe. "Kwetu ng'ombe hanunuliwi kwa picha. Unamfunua mdomo, unaangalia meno."

"Dume, nyamaza! Mimi nina habari kuliko redio. Nimepata kazi!"

Mama Uji akaacha upawa ndani ya sufuria. "Wee Debora! Wapi?"

"Mtowisa, kule bonde la Rukwa. Karani wa ofisi, kampuni ya kukoboa mpunga. Chumba bure, chakula bure! Bosi anaitwa Nestory. Saa sita ananipigia nimpe jibu, ndiyo au hapana."

Mzee Teodori akashusha kikombe taratibu kama anashusha jeneza. Huyu ndiye Mshenga wetu. Ameunganisha ndoa nyingi Ufipa hii, nusu zimevunjika, ila ukimgusia anakujibu yeye ni mshenga, si fundi wa matengenezo.

"Shikamoo, Mshenga."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umechunguza ukoo?"

"Ukoo wa nini tena? Naajiriwa, siolewi!"

"Mtu anakupa chumba, anakupa chakula, anasubiri useme ndiyo. Wewe unaita ajira. Sisi tulikuwa tunaita posa."

Benchi likacheka. Mimi sikukubali kuaibishwa hivihivi.

"Nimechunguza bwana! Jana yote nilikuwa mtandaoni. Ofisi ina kiti cha kuzunguka, na watu wamewapa nyota tano!"

"Watu gani?" Dume akauliza. "Wasome majina."

Nikasoma. "Lucia: Bosi ana upendo sana. Kristiana: Bosi anajali kuliko baba mzazi."

"Lucia wa Mtowisa? Namjua! Alikuwa karani hapohapo. Akija mjini nilikuwa nampakia mimi, begi mgongoni kwake, kuku mbele kwangu. Namba yake ninayo."

"Mwenye njaa haulizi kama mpishi ameoga," akadakia Mama Uji. "Mwanangu, tangu umalize chuo unapalilia maharage ya shangazi yako kule Izia. Chukua kazi, mengine utayajua hukohuko."

"Ndivyo walivyosema wale waliokuta mti," akasema Dume.

Hiyo ya maharage iliniuma, nisiwafiche. Cheti changu kimelala chini ya godoro la shangazi, na viganja vyangu vimekuwa kama gamba la mti. Hii kazi nilikuwa naitaka, tena naitaka leo.

Mshenga akakohoa, ishara kwamba mhadhara umeanza. "Ukichunguza ukoo, anza na mbwa. Mbwa akimwona mwenye nyumba akaficha mkia, hapo usiozeshe. Dume, huyo bosi ana mbwa?"

"Anao, niliwaona nilipomrudisha Lucia. Wanene."

"Wanene! Basi analisha vizuri."

"Au wanakula makarani."

"Kijana, acha utani. La pili ndilo kubwa. Nyumba usiiulize yenyewe, itajisifu. Muulize aliyeondoka."

Basi Dume akanipa namba, nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Vichwa vyote vikasogea mpaka nikanusa ulezi kwenye ndevu za Mshenga.

"Dada Lucia, mambo? Naitwa Debora, niko Sumbawanga. Nimepata kazi ya ukarani kwa bosi wako wa zamani. Ni mtu wa namna gani?"

"Nestory? Mtu mzuri, mdogo wangu. Mpole, hagombi. Ukiumwa anakuletea dawa mwenyewe mpaka chumbani."

"Si nilisema!" Mama Uji akapiga makofi.

Mshenga akainua kidole. "Muulize kwa nini aliacha."

"Sikuacha," Lucia akajibu. "Nilipanda cheo."

"Hongera dada! Ukawa meneja?"

"Nikawa mke."

Weee! Hata sufuria nadhani iliacha kutokota.

"Na... na Kristiana?"

"Alikuwa karani kabla yangu. Naye akapanda. Alipoondoka nyumbani, mimi nikatoka ofisini nikaingia." Mtoto akalia nyuma yake, Lucia akashusha sauti. "Sasa niko ndani na mtoto, ofisi iko wazi. Wewe umeolewa?"

"Bado, dada."

"Basi nakuomba kama ndugu yako. Usije. Na ukija, njoo na mume."

Akakata.

"Hiyo si ofisi," akasema Dume. "Hiyo ni foleni. Anayeingia anamsukuma wa mbele."

Mshenga alikuwa ameshika kichwa. "Mimi napanda milima nashuka milima kutafuta mchumba. Mwenzangu anabandika tangazo, wanakuja wenyewe, tena na vyeti!"

"Labda siku hizi ametulia," nikasema, maana moyo ulikuwa bado uko kwenye kile kiti cha kuzunguka. Kabla sijamaliza, simu ikaita. Bosi! Nikaweka sauti kubwa tena.

"Debora, umefikiriaje?" Sauti laini kama mlenda.

"Nimekubali, bosi! Kesho nashuka bondeni."

"Safi sana. Chumba chako nimeshakipaka rangi."

"Asante bosi. Tutafika jioni, mimi na mume wangu."

"Mume?"

"Ndiyo, huyu hapa anakusalimia."

Nikamsukumia Dume simu. Maskini, alikuwa amejaza uji mdomoni. Akaumeza wa moto vilevile, akatoa mlio ambao hata zizini kwao wangeshtuka.

Upande wa pili tukasikia mashine ya kukoboa ikinguruma kwa mbali.

"Aa, Debora... nimekumbuka. Hiyo nafasi imeshajaa."

"Imejaa lini, bosi?"

"Sasa hivi."

Tulicheka mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakaja kuuliza kuna nini. Mimi nilicheka na machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko, maana jembe la shangazi lilikuwa linanisubiri. Mama Uji akaniongezea uji bila kuombwa.

Dume akafuta mdomo, akajikohoza. "Sasa Debora, mimi tayari nimetambulishwa mbele za watu. Ng'ombe niwapeleke Izia kwa shangazi?"

Kabla sijajibu, Mshenga alikuwa ameshahama upande wa benchi, amemshika bega.

"Kijana, tulia hapa. Yule binti aliyekuacha mwaka jana, namba yake unayo?"

Dume akaruka kwenye pikipiki, akaondoka. Helmeti yake mpaka sasa iko kwenye benchi.