Tauno Mkanyaga Theluji na Kichaka cha Mama Mkwe

Tulieni, enyi mlioyazunguka meko, na mwenye andazi mkononi alimeze kwanza, maana habari hii haisikilizwi na mtu anayetafuna. Ni habari ya Tauno, dereva mstaafu wa basi la shule, Simba wa Barabara za Barafu, mwenye masharubu yagandayo tangu Novemba, na jinsi alivyokikinga kichaka kimoja kisiliwe.

Kichaka chenyewe kilikuwa cha herukka, vile vijitunda vyekundu vichachu kuliko ukwaju vinavyopikwa jemu kila Agosti. Hilkka, mke wa shujaa, alikichimbua nyuma ya nyumba ya mamake siku ilipouzwa kwa watu walioibomoa, akakipakata ndani ya ndoo safari nzima hadi kwake. Kwao hakikubaki kitu kingine. Na majira haya ya baridi Hilkka alikwenda hospitali ya mjini kubadilishwa nyonga, na pale mlangoni hakuaga kama watu wanavyoaga.

"Ukisahau kula, shauri yako," alisema. "Lakini kichaka cha mama kikiliwa na panya, usije kunichukua. Nitakwenda kukaa kwa dada."

Shujaa akavua kofia yake ya sufu, akanena kwa sauti ya kutikisa madirisha: "Ewe Hilkka binti Aukusti, kabla jino la panya halijagusa gome lile, na lipite kwanza juu ya buti zangu."

"Basi zivae, mzee wangu. Umesimama na soksi."

Naam, akazivaa. Kila theluji ilipoanguka alitoka kuishindilia kuzunguka kichaka, kama walivyofanya baba zake, kwani panya wa shambani hupita chini ya theluji laini wakala gome kwa siri, bali theluji iliyokanyagwa sawasawa huwashinda kuipenya. Alikanyaga Desemba, akakanyaga Januari, magoti juu, mikono kiunoni, akiimba nyimbo za jeshini ambazo nusu yake kaisahau. Theluji ikawa sakafu, na juu ya sakafu ikaja sakafu. Panya wakaja, wakagonga vichwa, wakarudi makwao na aibu yao. Tauno akavimba kichwa, na sisi tunaompenda tukavimba naye.

Ila akili nyingi huondoa maarifa. Asubuhi moja ya Februari, Hilkka akitarajiwa kesho yake, Tauno alikuta matawi mawili yamekatwa ncha, mshazari, safi kama kwa wembe, na kando yake vinyesi vya mviringo. Sungura. Wavu wa waya aliokizungushia kichaka kabla ya baridi, uliokuwa ukimfika kifuani, sasa ulimfika chini ya magoti, kwa kuwa shujaa wetu alikuwa ameipandisha ardhi yenyewe.

Jirani yake Eevertti aliegemea ua, akaangalia yote, akafurahi kupita kiasi.

"Hongera, bwana Tauno," akasema. "Hoteli nimeziona, lakini hii ya kumjengea mteja ngazi mpaka mezani ni ya kwanza. Jana alikuja na mkewe. Wameisifu sana huduma."

"Cheka, ewe Eevertti, mwana wa watu wasiopanda kitu," akajibu Tauno. "Nilichokipandisha kwa miguu nitakishusha kwa mikono, na kesho utaona haya."

"Haya nitaona. Ila hiyo si theluji tena, ni zege."

Hapo Tauno akatwaa mtaimbo anaotobolea barafu ziwani akienda kuvua, akaingia vitani. Mtaimbo ukalia kama radi. Vipande viliruka, masharubu yakawa meupe, na kila pigo alilipima, maana tawi lililoganda likiguswa tu huvunjika. Alichimba handaki pana nje ya wavu, na ndani ya wavu akalala kifudifudi, akikwangua kwa mwiko wa kukorogea uji, akiacha blanketi jembamba la theluji juu ya mizizi. Adhuhuri ikapita. Eevertti akachoka kucheka peke yake, akaenda kuleta beleshi lake, wakachimba wote wawili.

Jua lilipoinama sungura akaja. Akafika ukingo wa handaki, akautazama wavu ulioinuka tena juu ya kichwa chake, akafikiri kama mheshimiwa aliyenyimwa kiti. Kisha akageuka, akaenda kula mtofaa wa Eevertti.

"Yule mshenzi," akasema Eevertti, akatoka mbio na beleshi.

Kesho yake Hilkka akashuka garini na magongo. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja ukingoni, akatazama ngome ile, akatazama zile ncha mbili zilizoliwa. Hilkka akainama kwa taabu, akakwaruza tawi kwa ukucha.

Chini ya gome palikuwa kijani.

"Kizima," akasema. Akayashika magongo yote kwa mkono mmoja, na wa pili akaupitisha kwapani mwa mumewe. "Mama angesema umekanyaga kama ng'ombe. Halafu angekupa chakula."

Basi waandishi wa tarikhi na waandike: katika mwaka huo falme nyingi ziliinuka na kuanguka, tusizijali. Hilkka hakwenda kwa dada yake.