Niliandika Napenda Mbwa

Jumatatu, 3 Septemba

Nimefika ughaibuni! Mwaka mzima wa masomo. Mwenyeji wangu ni bibi mjane, nyumba yake safi hadi naona haya kukanyaga. Kanikumbatia kituoni, kaniita mjukuu wake, kanipa chumba chenye dirisha kubwa na mablanketi mawili. Anasema alipitia fomu za wanafunzi kumi na wanane, akanichagua mimi kwa mstari mmoja tu: niliandika kwamba napenda mbwa kupita kiasi.

Ole wangu! Mbwa nawaogopa tangu nipate akili. Dada yangu ndiye aliyenishauri kutia chumvi kidogo ili nipate mwenyeji upesi. Na mbwa mwenyewe yupo mlangoni, ukubwa wa ndama. Anaitwa Bwana Mkubwa.

Jumanne, 4 Septemba

Kazi yangu ni kumtembeza Bwana Mkubwa asubuhi na jioni, kwa sababu magoti yanamsumbua Bibi. Nikapiga moyo konde, nikashika kamba. Kwenye kona ya duka la mikate akapiga chafya. Chafya tu! Nikajikuta juu ya ukuta wa watu. Mama alipopiga simu nilimwambia mambo shwari.

Jumatano, 5 Septemba

Dawa imepatikana! Kuna mwenzangu niliyesafiri naye, namwita Mtakatifu, maana hajui kusema uongo hata wa kuchelewa shule. Anaishi mtaa wa pili kwa fundi bomba asiyefuga hata kuku. Yeye mbwa anawapenda kweli. Basi namkabidhi kamba pale konani, anazunguka naye, mimi nakaa kituo cha basi nakula mkate. Malipo hataki, mjinga yule. Aliuliza tu kama Bibi anajua. Nikamwambia anajua vizuri sana.

Ijumaa, 7 Septemba

Bibi ananisifia! Eti Bwana Mkubwa kachangamka, anamaliza chakula, kumbe nina mkono wa baraka. Kanishonea kifungo cha koti, kaniongezea blanketi la tatu. Jioni kanikalisha kwenye kiti cha marehemu mumewe, kiti ambacho hakikaliwi na mtu. Nilitaka kusema ukweli palepale, maneno yalishafika mdomoni. Nikaomba chai nyingine.

Jumapili, 9 Septemba

Nimekwisha. Mtakatifu amekuja kumshukuru Bibi kwa kumruhusu kumtembeza mbwa wake. Kumshukuru! Nani kamtuma? Bwana Mkubwa akamrukia kwa furaha, mkia unapiga viti, mimi niko juu ya kabati la viatu. Nikashuka kijasho chembamba kikinitoka.

Bibi hakufoka. Heri angefoka. Alisema ningemwambia tu. Hata marehemu aliogopa mbwa. Miaka thelathini na miwili yeye Bibi ndiye aliyewatembeza, na mume akabaki jikoni kuosha vyombo. Kuosha vyombo! Kazi pekee ninayoiweza duniani! Ila mtu wa kukaa kwenye kiti kile huku anamdanganya, huyo hamtaki. Nimelia bafuni, nikafungulia bomba nisisikike.

Jumatatu, 10 Septemba

Mtakatifu anahamia kwa Bibi. Niliomba nafasi yake kwa fundi bomba, lakini naye kasikia yote, kasema hataki mwongo nyumbani kwake. Nitalala bweni la ofisi ya wanafunzi mpaka apatikane mtu wa kunichukua, la sivyo narudishwa nyumbani. Bibi alinifungia mkate, akanikunjia na lile blanketi la tatu. Bwana Mkubwa akanilamba mkono, na kwa mara ya kwanza sikukimbia. Nilisimama pale getini kama dakika tano, nikitumaini Bibi ataniita nirudi. Hakuniita.

Jumanne, 11 Septemba

Karani wa ofisi, mama mpole mwenye miwani, kanipa fomu mpya. Kanisihi safari hii niandike ukweli mtupu. Nikamwapia, na kiapo kilitoka moyoni. Nimejuta, jamani! Neno mbwa siliandiki tena maishani.

Alipoinuka kujibu simu nikachungulia faili lake. Imebaki familia moja tu inayotafuta mwanafunzi. Wanafuga nyuki, mizinga arobaini. Kwenye mambo niyapendayo nimejaza: nyuki, tangu utotoni. Wadudu wadogo vile, watanifanya nini?